Herufi za Ndara Kwenye Mnada wa Mavuno

Purity alipofungua boksi na kukuta keki, alilifunga tena. Akavuta pumzi, akalifungua polepole, kana kwamba keki ikipewa nafasi ya pili itajirudi. Haikujirudi. Ilikuwa keki ya mama yake, nzuri kweli, ina krimu nyeupe na maneno ya waridi yanayosema Mavuno Mema, nayo ilikuwa imekaa mezani pale pale alipokuwa ameiweka alfabeti yake.

Msomaji mwenye haraka atauliza mtu huiwekaje alfabeti ndani ya boksi la keki. Nitamjibu, ila naye atulie. Purity Kaviha wa Ziwa la Ng'ombe alisomea ubunifu wa maandishi chuoni, akamaliza, na tangu amalize alikuwa na wazimu mmoja tu, kuunda herufi kwa vipande. Alizunguka ufuo wa Bamburi akiokota ndara kuukuu, zile kandambili za mpira, zilizotemwa na bahari, za kila rangi. Akaziosha, akazikata kwa kisu, akazilainisha kwa msasa, mpaka akapata vipande vya sampuli nne: mraba, robo duara, pembetatu na kijiti. Kila kipande kilikuwa na jino upande mmoja na pengo upande wa pili, kwa hiyo kilimng'ata jirani yake yeyote utakayempa. Kwa sampuli hizo nne uliweza kuunda A, ukaivunja, ukaunda K, ukaivunja, ukaenda hivyo hivyo mpaka mwisho wa alfabeti au mpaka uitwe kula. Mama yake, Dorcas, anayeoka keki za harusi na za ubatizo, aliziita "ndara zako", kama mtu anavyosema "kikohozi chako". Hata hivyo alimpa boksi la kuzitilia, na balaa ikaanzia hapo, maana nyumba ile ina maboksi meupe kuliko viti.

Na Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Nyambura, mama mmoja mwenye karakana ya mabango kule Nyali, alikuwa anatafuta mbunifu. Purity alimtumia michoro yake kwa simu, naye Nyambura akamjibu kwamba michoro ya kwenye simu imemchosha. Aje Jumatatu asubuhi na kitu cha kushikika, ambacho mtu mzima akikiona atataka kukichezea. Akikichezea, kazi ipo. Asipokichezea, wako wengine mlangoni. Purity alijua alicho nacho. Tangu apate ujumbe ule alikuwa akicheka peke yake akiosha vyombo.

Sasa kitu chenyewe kilikuwa kimeondoka asubuhi hiyo ya Jumapili, kichwani pa mama, kwenda Sikukuu ya Mavuno ya kanisa lao. Kama huujui mnada wa kanisa lile, hutaelewa kwa nini Purity alitoka mbio na keki mikononi, kiatu kimoja hakijafungwa.

Siku ya Mavuno watu wa kanisa lile huleta mihogo, mahindi, maboga, kuku, madafu, vitambaa vya kufuma, chochote Mungu alichowajalia. Vitu huwekwa mbele, vikaombewa, na ibada ikiisha vikanadiwa uani. Sheria ni moja: kilichofika madhabahuni hakirudi nyumbani ila kwa kununuliwa. Mwaka mmoja katibu wa kanisa aliisahau simu yake juu ya maboga. Aliinunua mwenyewe, tena kwa bei ya kutoa machozi, kwa sababu waumini wenzake walimpandishia kwa makusudi na kwa upendo.

Njiani jua lilikuwa limeshapanda na krimu ikaanza kuhama. Watu walimsalimu Purity kwa utaratibu, kama desturi, wakitaka kujua za nyumbani na keki ile yaenda wapi kwa mwendo ule. Aliwajibu wote, kwa kuwa amelelewa, lakini aliwajibu akiwa amekwisha kuwapita.

Alipoingia uani, boksi lake lilikuwa hewani. Lilishikwa na Mzee Kalama, mnadi wa kanisa tangu zamani, mtu ambaye akikuuzia jogoo utadhani umeuziwa farasi. Alikuwa akiisifu keki ya Mama Dorcas bila kulifungua boksi, maana keki za Dorcas zinajulikana hazihitaji kufunuliwa. Purity hakuwa na pumzi ya kupiga kelele. Akainua mkono.

Kwenye mnada mkono ulioinuliwa una maana moja tu. Mzee Kalama akatangaza kwamba bei imepandishwa na binti mwenyewe pale nyuma. Purity akatikisa kichwa na kupunga mkono kwa nguvu kukataa, na hiyo ikahesabiwa kuwa amejipandishia tena. Watu wakacheka, wakasema leo kuna mtu anashindana na nafsi yake. Aliyemwokoa ni Mzee Phineas, mwenye lori la mawe ya ujenzi na udhaifu unaojulikana kwa keki. Alitaja bei yake kwa sauti ya mtu asiyetaka mjadala, Mzee Kalama akaita mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na keki ikawa yake.

Mzee Phineas akafungua pale pale. Akatoa robo duara ya kijani, akaigeuza, akainusa. Kisha akamwuliza Mama Dorcas, kwa upole wa mtu anayekumbuka yuko kanisani, kama hii ni keki ya namna mpya.

Kicheko kilichotoka pale kiliwarusha kuku waliokuwa bado hawajauzwa. Mama Dorcas alichungulia ndani ya boksi, akaelewa, akajifunika uso wote kwa leso. Mzee Phineas, ili asionekane mjinga, akatumia haki ya kila mnunuzi wa mnada ule: akasema anairudisha kwa Bwana, iuzwe tena.

Purity akajipenyeza mbele, akaiweka ile keki ya kweli mezani, akaeleza kosa lilivyotokea, akaomba kitu chake. Mzee Kalama alimsikiliza kwa huruma yote. Lakini sheria ni sheria, na kama katibu hakuhurumiwa, atahurumiwa nani? Alichoweza kumruhusu ni kuwaeleza watu hiki kitu ni nini, kwa sababu hata yeye na ulimi wake hawezi kunadi asichokijua.

Basi Purity akapiga magoti kwenye mkeka akavimwaga vipande. Kwanza alivitenga kwa sampuli. Halafu vidole vikakumbuka kazi yao, kijiti kikang'ata pembetatu, pembetatu ikang'ata kijiti, na kwa muda mfupi tu jina KALAMA likalala pale mkekani, jekundu na buluu na manjano, herufi zote zimejipanga kama wanakwaya.

Mzee Kalama akasahau kunadi. Akachuchumaa. Akagusa ile K kwa kidole kimoja, akauliza polepole kama huyo ni yeye. Purity akamwambia ndiye. Akalivunja jina, vipande vile vile akavipanga upya, akaandika PHINEAS, na hapo uwanja ukalipuka.

Kila mtu alitaka jina lake. Gedion, mwalimu wa kwaya, alitaka lake liandikwe kwa rangi moja. Hawe Kadzo, na hawe kwa Kigiriama ni bibi, ambaye hupenda kutania kwamba ameolewa na kila kijana wa mtaa, alitaka lake likiisha kuandikwa lisivunjwe mpaka mahasimu wake waje walione. Purity aliandika, akavunja, akaandika, jasho likimtiririka, akicheka mpaka mbavu zikamuuma. Kila jina lilipozaliwa watu walishangilia kama wameletewa mtoto. Hajawahi kupata furaha ya namna ile, na nasema wazi bila kumficha: aliisahau Jumatatu. Aliisahau kabisa.

Mzee Kalama yeye hakusahau kwamba ni mnadi. Alisimama, akapangusa magoti, akatangaza kwamba kitu kizuri namna hii kumpa mtu mmoja ni dhuluma. Kitauzwa kipande kipande. Kabla Purity hajanyanyuka mkekani, mraba wa kwanza ulikuwa umekwisha kwenda.

Viliuzwa vyote. Kwaya nzima ilinunua, akina mama walinunua, Mzee Phineas akanunua tena ile robo duara aliyoinusa, na Mama Dorcas mwenyewe, kwa aibu, akanunua viwili. Keki ya kweli nayo ikauzwa, imelala ubavu mmoja. Watu walikuwa wanaonyeshana vipande vyao na kubishana nani amepata rangi nzuri. Purity akatazama boksi tupu, na Jumatatu ikamrudia yote kwa mara moja. Moyo ukamshuka mpaka kwenye kile kiatu kisichofungwa.

Mama yake akaja akaketi kando yake mkekani. Alimwambia kwamba kosa ni lake yeye mama, ni haraka zake, ni macho yake. Purity alimkasirikia, tusidanganyane. Akalifunika boksi tupu, akalisukumia upande wa mama.

"Kesho naenda na nini, mama?" akasema mwishowe. "Mkono mtupu haulambwi."

Mama Dorcas akanyanyuka. Yeye si msemaji, na mbele za watu huzungumza akitazama chini, lakini siku ile aliwaeleza wote habari ya Nyambura na kazi ya Nyali, akawaomba wamwazime binti yake vile vipande kwa asubuhi moja tu. Uwanja mzima ukaingiwa na huruma. Watu walitikisa vichwa, wakasikitika kwa dhati, na hakuna hata mmoja aliyetoa kipande chake. Mmoja aliogopa kitapotea. Mwingine amekwisha kumwahidi mjukuu. Kila mtu alikikumbatia chake zaidi.

Aliyekata shauri ni Hawe Kadzo. "Mimi hiki nimekinunua mbele za Mungu," akasema. "Kikienda Nyali, nami niko nyuma yake."

Maneno hayo yaliwatoshea wote kama kofia. Wa pili akasema naye ataenda na chake, kwaya ikasema itaenda, na Mzee Phineas akatoa lori. Purity alijaribu kueleza kwamba mtu haendi kuomba kazi na kanisa. Hakuna aliyemsikia, walikuwa wamekwisha kuanza kupanga nani atakaa mbele.

Jumatatu asubuhi lori la mawe liliingia mtaa wa kimya wa Nyali likiimba. Mlinzi wa karakana aliliona, akawaona watu wakishuka na kila mmoja ameinua kitu cha rangi juu ya kichwa, akakimbia ndani kumwambia tajiri wake kwamba kuna maandamano.

Nyambura alitoka na miwani juu ya nywele na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno. Akawatazama. Wakamwamkia kwa pamoja, vijana shikamoo, wazee habari za asubuhi. Kisha Purity akasogea, akajitambulisha kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua, akaeleza herufi zake, mnada, na kwamba kila kipande sasa kina mwenyewe na mwenyewe hakiachii. Alipofika hapo alijisikia akicheka, na hakuweza kujizuia, kwa sababu likisemwa kwa sauti jambo lile lilikuwa kichekesho kitupu.

Nyambura hakucheka. Alinywa chai.

"Hapo uko sawa," akasema. "Vitu vyako vimenunuliwa na watu. Wacha tuone kama watu wanaweza kuvitumia. Wewe simama hapo kwa ukuta, na usiseme kitu. Hata kukohoa, usikohoe." Akawageukia wengine. "Nyinyi niandikieni jina la huyu msichana."

Purity akasimama ukutani, akahesabu herufi za jina lake. Jumapili nzima jina lake halikuandikwa. Watu walitaka yao, na yeye alishukuru kimoyomoyo, kwa sababu jina lake linaisha na Y, na Y ndiyo herufi iliyomshinda. Ameiunda kwa pembetatu mara nyingi asizozikumbuka, na kila mara ilitoka kama mtu aliyejikwaa. U na T nazo hakuna aliyeziona. Watu hawa walikuwa wameonyeshwa majina machache tu, tena katikati ya makelele, na sasa kazi yake yote ilikuwa mikononi mwao.

Gedion akajifanya msimamizi. Mzee Phineas akasema P anaijua, ni herufi yake, asifundishwe na mtu, na kweli akaipanga bila kukosea. Tatizo ni kwamba P inataka vipande vichache, na wenye vipande walikuwa wengi, na kila mmoja amekuja Nyali kwa ajili ya chake kiingie. Mama mmoja akaongeza mraba wake kwenye mguu. Mwenzake akauwekea ubavu. Kwaya ikajaza mgongo. Purity aliuma ncha ya leso yake asipige kelele, akiiona P yake nyembamba ikivimba mbele ya macho yake, ikarefuka, ikanenepa, mpaka ikawa P kubwa yenye mwili wa mtu anayekula vizuri. Lakini ilikuwa P bado. Meno yalishika. Akaitazama vizuri, akasisimka mpaka shingoni. Herufi zake ziliweza kunenepa, na yeye aliyezizaa hakujua.

U waliibahatisha, ikakubali mara ya pili. R waliikumbuka kutoka jina la Dorcas. I ilileta ugomvi, kwa kuwa kila mwenye kijiti aliona ni haki yake. Walipofika kwenye T, Nyambura alikuwa ameweka kikombe chini. Alizunguka upande huu, akazunguka upande ule, akainama, akachukua mraba mmoja wa manjano akausogeza kutoka kulia kwenda kushoto. Akaurudisha. Akachukua mwingine. Hawe Kadzo alimwambia kwa adabu kwamba hicho kina mwenyewe, na Nyambura akaomba radhi na kuendelea kukisogeza. Purity aliona hayo kutoka ukutani na karibu aruke.

Halafu wakafika kwenye Y, na kelele zikafa. Pembetatu zote zilikuwa zimekwisha kuliwa na unene wa herufi nyingine. Gedion alijaribu vijiti vitatu, havikushikana. Mzee Phineas akashauri jina liishie pale, PURIT, hata hivyo watu watajua ni nani. Purity alifumba macho.

Alipoyafumbua, mama yake alikuwa amepiga magoti. Mama Dorcas hakuwa amesema neno tangu waondoke Ziwa la Ng'ombe. Vipande vyake viwili, vyote robo duara, alikuwa amevishika mikononi njia nzima, na hakuna aliyekuwa amemwachia nafasi.

"Mbona hii ni panda tu," akasema, kwa sauti ya kujisemea. "Ile ya kupigia ndege shambani."

Akaviweka vipande vyake mgongo chini, mdomo juu, vikang'atana vikawa kama bakuli. Akaomba kijiti kwa Hawe Kadzo, akapewa, akakisimamisha chini ya bakuli. Ikasimama Y. Imetulia, imefungua mikono, haijajikwaa popote. Purity alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, na kicheko kikamtokea puani.

Nyambura aliitazama ile Y kwa muda. Akamwita Purity aje, akamwambia amewaona wabunifu wengi, wa huku na wa Nairobi, wakishindwa na herufi hiyo. Akamwuliza aliifikiria vipi.

Mama Dorcas alikuwa nyuma ya Nyambura. Alimkodolea mwanawe macho, akatikisa kidole, akaonyesha kifua cha Purity: sema ni yako. Kwaya nzima ikaunga mkono kwa nyusi. Purity aliwaona. Aliitaka kazi ile mpaka meno yakamuuma.

"Si yangu," akasema. "Yangu ilikuwa mbaya. Hii mama ameitengeneza sasa hivi, umemwona."

Mtu mmoja wa kwaya akaguna kama aliyeona sahani ikianguka. Nyambura alishusha miwani machoni, akamtazama Mama Dorcas kutoka juu hadi chini, akamwuliza amesomea wapi. Mama Dorcas akajibu kwamba yeye anaoka keki.

"Sawa," akasema Nyambura. "Wengi wananiletea herufi, nikizigusa zinaharibika. Wewe umeniletea herufi ambazo mama wa keki amekuja akazimalizia. Hiyo ndiyo nilikuwa natafuta." Akaokota kikombe chake, chai ilikuwa imepoa. "Uje kesho uanze kazi. Lakini kesho uje peke yako."

Vigelegele vilipasuka mpaka mlinzi akafungua lango bila kuambiwa. Gedion akaanzisha wimbo, Mzee Phineas akaenda kupiga honi ya lori, na Hawe Kadzo akamkumbatia Nyambura, ambaye hakuwa ameomba. Purity akakaa chini pale pale kwenye vumbi, akicheka na kulia kwa zamu.

Mama Dorcas peke yake ndiye hakushangilia. Alikuwa amesimama mbele ya jina la mwanawe, kichwa amekilaza upande, macho yakipita herufi moja moja. Kisha akamgusa Nyambura begani, akamwuliza kwa heshima zote kama hizi nyingine nazo zarekebishika, maana ile R, kwa maoni yake, ina mguu mfupi.